Hatua za Syokau

Mimi na mama mkwe wangu hatukupendana, na sitaki kujipamba hapa niseme tulipendana. Nilitoka Werugha milimani nikaolewa Kaloleni, hapa Voi, mwaka wa 1968, na tangu wiki ya kwanza Syokau alikuwa na neno juu ya kila kitu changu: sufuria zangu, uji wangu, hata mgongo wangu ambao, alisema, ni wa mtu aliyelelewa na baridi. Mguu wake wa kushoto ulivunjika akiwa msichana huko Ukambani ukaunga vibaya, kwa hiyo nilimsikia kabla hajafika. Wa kulia ulikanyaga kwa kishindo, wa kushoto ukaburuzwa. Kila asubuhi kwa miaka minane hatua hizo zilivuka uwanja kuja kunitafutia makosa.

Kazi yake ilikuwa kupiga kilumi, ngoma ya Wakamba ya kumtuliza mtu aliyepandwa na pepo. Wanawake walitoka hata Mtito Andei kuja kumtafuta. Mimi nilikuwa mwanakwaya, sauti ya pili, na kwetu milimani ngoma za namna hiyo tulikatazwa hata kusimama karibu nazo. Basi siku aliponiita akaniambia nikae, nishike ngoma katikati ya mapaja, nilidhani amepata njia mpya ya kunitesa. Nilimuuliza kwa nini asimfundishe Mkamba mwenzake. Akasema wenzake wawili waliojua wameshakufa, binti hana, na mimi niko. Nikaishika ngoma. Kituku, mume wangu, aliposikia alivaa kofia yake ya reli akaenda zake kazini, maana ugomvi wetu, mimi na mama yake, alikuwa ameushindwa zamani.

Nilijifunza haraka, sifa hiyo sijinyimi. Nilihesabu moja mbili tatu nne kama tulivyofundishwa do-re-mi, nikayaandika mapigo yake kwenye daftari langu la nyimbo. Yeye hakusema nimekosea wala nimepatia. Alinitazama tu, na kutazama kwake kulinichosha kuliko kutukanwa.

Kosa langu nililifanya mbele ya watu. Jirani yetu Nthambi alikuwa amepandisha pepo, anacheza, macho yameenda mbali, na Syokau akaniachia ngoma apumzishe mikono. Wanawake wakamaliza wimbo. Na mimi, mtu wa kanisa, wimbo ukiisha mkono unashuka. Nikapiga pigo la mwisho, nikanyamaza. Nthambi akaanguka kama gunia, macho wazi. Siku tatu hakusema neno, hakumjua hata mtoto wake, mpaka Syokau alipokaa na ngoma kutwa nzima akamrudisha, naye akaomba maji. Hapo ndipo unapoacha, mgonjwa akiomba maji, si kabla. Niliona aibu mpaka nikashindwa kula.

"Nyinyi mnapiga wimbo," Syokau aliniambia jioni hiyo. "Mimi napiga mtu. Siku yangu ikifika utanipigia wewe, kwa hiyo jifunze."

Siku yake ilifika Agosti ya 1976. Alipandisha asubuhi, hakuna wa kumpigia kwa kuwa mimi nilikuwa sokoni. Akaanguka, akabaki vile vile kama Nthambi. Hospitali wakampa vidonge, wakasema hawaoni ugonjwa. Siku ya tatu hata maji ya kijiko yalikuwa yanatoka pembeni ya mdomo, na Kituku, mwanamume mzima, alikuwa amekaa chini analia.

"Wakesho," akaniambia, "mpigie mamangu."

Tukamlaza kwenye mkeka uwanjani, wanawake wakaimba. Nikapiga yote yaliyokuwa kwenye daftari bila kosa hata moja. Mguu wake haukutikisika. Saa sita ikafika, ngozi ya vidole vyangu ikapasuka. Kisha nikamwona Danson, mzee wa kanisa letu, amesimama langoni na Biblia kwapani. Alisema polepole, bila ukali, kwamba nikiiweka ngoma chini sasa hivi yeye hajaona kitu, na nisipoiweka, nisahau kwaya na meza ya Bwana. Yule mzee alisimamia harusi yangu. Niliogopa, nasema kweli. Na wimbo nao ulikuwa unaisha.

Wanawake wakanyamaza, wote wakanitazama. Sikuacha. Lakini sikuwa tena na cha kupiga. Wimbo umeisha, daftari limeisha, kimebaki hicho kimwanamke kikorofi kwenye mkeka. Nikajiuliza, mimi ninajua nini chake? Ndipo mkono mmoja ukapiga kishindo, na kiganja cha pili nikakiburuza juu ya ngozi. Kishindo, buruzo. Uwanja, mlango, jiko. Nilizijua hatua zile kuliko za mama yangu mzazi. Nikampiga anavyokuja na hasira, nikampiga anavyorudi amechoka, nikampiga anavyokwenda chooni alfajiri akidhani tumelala.

Mguu wa kushoto ukatikisika. Halafu wa kulia. Danson aliondoka saa ngapi, sijui.

Alasiri aliketi. Akaangalia damu kwenye ngoma, akaniangalia mimi, akaomba maji. Hapo mkono wangu ukashuka. Akanywa kikombe kizima, akajifuta mdomo.

"Kumbe ndivyo ninavyotembea," akasema.

"Ndivyo, mwaitu," nikamjibu. Mpaka siku hiyo nilikuwa nikimwita mama tu, kwa Kiswahili, si kwa Kikamba chake.

Kwaya walinitoa, na miaka miwili nilikaa kiti cha nyuma kabisa kanisani. Niliumia sana. Lakini asubuhi iliyofuata ngoma ile nilikuwa jikoni, nikasikia kishindo, buruzo, kishindo, buruzo, hatua zinavuka uwanja kuja kuniambia uji wangu ni mwepesi. Nikaweka mwiko chini, nikalia.