Mwandishi wa Bweni la Saba

Mama yangu ameshona sare za shule kwa miaka thelathini na mmoja, na ukimuuliza kazi yake atakwambia hivyo hivyo: mshonaji. Usimwamini. Mimi Asabea, mwanawe wa pekee, nasema huyu mama ameandika vitabu, na wanawake wazima kutoka Koforidua mpaka Accra, wenye waume na vyeo vyao, bado wanaweza kukusomea kurasa nzima za vitabu hivyo bila kuangalia popote. Najivunia mama huyu, na sitaki kuambiwa nipunguze sauti.

Jina lake Oforiwaa. Chumba chake cha kushonea kilikuwa nyuma ya bwalo la chakula, katika shule ya binafsi ya wasichana kule milimani Akuapem. Shule ilijengwa na marehemu mzee Bekoe, na siku hizo ilikuwa mikononi mwa binti yake, Madam Bekoe, mwanamke wa miaka hamsini asiye na mume wala mchezo. Mtoto wa mfanyakazi alisoma bure pale. Ndivyo nilivyopata kuvaa gauni la mirabaraba ya buluu kati ya mabinti wa mawakili na wenye maduka makubwa. Walinizidi kwa viatu, kwa saa na kwa masanduku ya chakula. Gauni langu tu ndilo lililokaa vizuri kuliko yao yote.

Kila Jumatatu nguo zilizotiwa viraka zilirudishwa mabwenini ndani ya kapu moja kubwa. Jumatatu moja, nikiwa kidato cha kwanza, katikati ya sketi lilikutwa daftari la kijani. Juu ya jalada iliandikwa kwa herufi zilizosimama wima: Bweni la Saba, Kitabu cha Kwanza. Jina la mwandishi halikuwapo.

Hadithi ilikuwa ya shule kama yetu, yenye mabweni sita kama yetu, juu ya kilima kama chetu. Lakini kulikuwa na bweni la saba, na hilo halikuonekana ila na msichana aliyesema uongo kwa ajili ya mapenzi. Obenewaa, msichana mmoja mwenye mdomo mchafu na moyo mwepesi, anamdanganya matroni kwamba ana malaria ili akaonane na mvulana kwenye ua wa nyuma. Akigeuka tu, bweni hilo hapo, madirisha yote yanawaka taa. Na yule mvulana, Kwatei, alikuwa mtoto wa mto. Mikono ya shati lake haikukauka hata ukiianika jua la Januari.

Tulipagawa. Nyuma ya kila daftari tuliandika orodha ya majina ya wanaosubiri zamu, na ukitaka kuruka foleni ulitoa vijiko viwili vya shito, ile pilipili nyeusi ya kukaanga, au nusu kopo la maziwa. Tulisoma saa ya kujisomea, daftari limelala ndani ya atlasi, hata mwalimu wa jiografia akamshukuru Mungu kwa jinsi tulivyoipenda ghafla ramani ya dunia. Na wiki ile zahanati ya shule ilipokea wagonjwa wa malaria kumi na wanne. Kila mmoja alimdanganya matroni, akatoka nje, akageuka haraka kutazama nyuma. Waliloliona ni tangi la maji. Hata mimi niligeuka, sina haja ya kuficha.

Daftari la pili likaja, na la tatu, na watu wakaanza kuuliza ni nani. Hapo ndipo Dada Shormeh wa kidato cha tatu, kidato cha mwisho pale kwetu, alipoanza kutabasamu. Hakuwahi kusema waziwazi kwamba vitabu ni vyake. Alikuwa mjanja kuliko hapo.

"Dada Shormeh, hivi Kwatei atarudi kweli?"

"Subira, mdogo wangu. Bado namfikiria."

"Jamani! Kwa hiyo ni wewe?"

"Mimi nimesema? Nenda kanichotee maji ya kuoga."

Na maji yalichotwa, ndoo juu ya ndoo, na sisi wadogo tuligombania ndoo hizo. Ilipofika kitabu cha tano akaanza kutia sahihi kwenye majalada, herufi za jina lake zimekumbatiana, na kimstari kirefu chini yake. Kichwa kilimvimba mpaka kofia ya kanisani ikamkataa.

Mimi niligundua kwenye kitabu cha sita. Obenewaa na Kwatei, baada ya kutuchosha muhula mzima, hatimaye wanakumbatiana. Nakumbuka sentensi yenyewe: "Mabega yake yalikuwa inchi kumi na nane na nusu, kifua thelathini na sita, na mkono wa kushoto ulizidi wa kulia kwa robo inchi." Wenzangu wote walishusha pumzi ya raha. Mimi niliketi wima kitandani. Nani duniani humkumbatia mpenzi wake akaondoka na robo inchi?

Nilimkuta mama kwenye cherehani, pini zimejaa midomoni. Mbele za watu nilizoea kumwita Anti, kama walivyomwita wasichana wote, na aibu ya jambo hilo ninayo mpaka leo.

"Anti, ni wewe?"

"Mimi nani?"

"Aliyemwandika Kwatei!"

"Umemaliza hesabu zako?"

"Mama!"

"Ahaa, leo nimekuwa mama." Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake. "Funga mlango."

Akanieleza. Alifika darasa la nne la shule ya kati, na katika insha hakuna aliyemgusa. Kisha baba yake akampeleka kwa fundi kujifunza kushona, na mambo ya insha yakaishia hapo. Lakini pale shuleni alipima wasichana mia tatu kila mwaka, na msichana aliyenyanyua mikono apimwe kiuno husema chochote. Wanasema wamependa nani, wamemdanganya nani, wanaogopa nini. Mama alisikiliza, akaandika vipimo, na jioni akaandika mengine. Herufi zile za wima ndizo anazoandikia kwenye karatasi za mitindo, ndiyo maana sikuzijua.

"Sasa kwa nini huweki jina? Shormeh anachotewa maji kwa jasho lako!"

"Wakijua ni fundi wa sare nani atasoma? Watasema huyu wa viraka anajua nini kuhusu mapenzi."

Nilikasirika, maana ningekuwa wa kwanza kusema hivyo. Usiku kucha nilijisuta mwenyewe. Kisha, wiki hiyo, hasira ikageuka kitu kingine. Nilikuwa napita kati ya vitanda nawasikia mabinti wa wakubwa wakimlilia Kwatei, nikajisemea moyoni: huyo mnayemlilia amezaliwa nyuma ya bwalo, na aliyemzaa ni mama yangu. Nilitembea kama mke wa chifu na sikuweza kumwambia mtu.

Kitabu cha tisa ndicho kilichotuangusha. Kiliachwa kwenye benchi la kanisa siku ya Jumapili, na Madam Bekoe akakiokota mwenyewe. Katika kitabu hicho tunaelezwa bweni la saba lilitoka wapi. Mwalimu mkuu wa shule ile ya hadithini, mwanamke anayeogopwa na wote, ana mfuko wa siri ndani ya gauni lake, upande wa kushoto wa mbavu, na ndani ya mfuko huo mna barua ya mwanamume wa ujana wake ambayo hajawahi kuijibu. Kila anapoigusa, taa moja zaidi inawaka kwenye bweni la saba.

Jumatatu asubuhi Madam alisimama mbele yetu, sauti inamtetemeka. Tulidhani ni kwa sababu ya mabusu ya ukurasa wa arobaini.

"Aliyeandika uchafu huu ana mpaka Jumatano saa sita. Asipojitokeza nitamtafuta mwenyewe, na ataondoka shule hii siku hiyo hiyo."

Kumtafuta hakukuwa kazi ngumu. Jalada lilikuwa na sahihi yenye kimstari kirefu. Jumatano saa sita sanduku la Shormeh lilikuwa nje ya ofisi, na yeye juu yake analia, na baba yake ameshapigiwa simu aje kutoka Accra kumchukua. Alikuwa ameapa kwa kila kitu kwamba hajaandika hata nukta. Hakuna aliyemwamini, wasichana waliomchotea maji miezi minane ndio waliotoa ushahidi dhidi yake. Mtihani wa mwisho ulibaki wiki sita.

Nilikimbilia nyuma ya bwalo, nikamweleza mama. Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Mwache aende, Mama. Si alijitia mwandishi? Avune."

"Na mtihani wake?"

"Na mimi je? Ukisema ni wewe, utafukuzwa leo leo, na mimi nitasoma wapi? Baba yangu yuko wapi wa kunilipia?"

Hilo lilimgusa. Nililiona likimgusa, na nikaendelea kulisukuma, nikamwambia nitaishia kuuza machungwa njia panda, na atayaona machozi yangu. Aliukunja na kuukunjua utepe wake wa kupimia. Halafu akauvaa shingoni.

"Sikiliza, Asabea. Sitakubali mtoto wa watu afukuzwe kwa kazi yangu." Alisimama, akajikung'uta nyuzi. "Na sitakubali aondoke nayo, vilevile. Yule hajui hata kwa nini shati la Kwatei halikauki!"

Naapa, hilo la pili ndilo lililomuuma zaidi. Alitoka mbele, mimi nyuma.

Ofisini mlango ulikuwa wazi, na Shormeh juu ya sanduku lake kizingitini.

"Madam, mwache mtoto," mama alisema. "Vitabu ni vyangu."

Madam Bekoe alimtazama kutoka utepe mpaka ndala. "Oforiwaa, una huruma. Rudi kwenye cherehani yako."

"Si huruma, Madam."

"Uliishia darasa la ngapi wewe?"

"La nne, shule ya kati. Kwenye insha nilikuwa wa kwanza."

"Insha za kitoto, za 'Siku Niliyokwenda Sokoni'."

"Hizo hizo, Madam. Mwalimu alikuwa akizisoma mara mbili."

Madam alilifunua lile daftari, akalifunga tena. Sauti yake ikashuka. "Basi niambie. Nani alikupa habari za mfuko?"

Sikuelewa kitu. Mama alielewa, maana alivuta pumzi kabla ya kujibu.

"Mfuko nimeushona mimi, Madam. Kila gauni lako kwa miaka kumi na miwili. Kushoto, kitambaa laini, kifungo kimoja."

"Nauliza nani alikuambia kilichomo."

"Hakuna. Sijawahi kutia hata kidole."

"Ulijuaje kwamba ni barua?"

"Sikujua. Nilibuni tu." Mama alikuwa anamtazama usoni, na hakuwahi kumtazama hivyo kabla. "Nilijisemea, mwanamke anayeomba mfuko ambao hakuna atakayeuona, tena upande wa moyo, haweki leso humo. Nisamehe kwa kuuanika. Nilidhani natunga."

Mkono wa Madam ulipanda mpaka ubavuni kwake, kisha akaurudisha mezani haraka. Shormeh alikuwa ameacha kulia ili asikie vizuri.

"Wewe," Madam alimwambia, "rudisha sanduku bwenini. Na sahihi zako ukazifute, zote."

Shormeh aliondoka na sanduku lake bila hata kutuaga. Madam akavuta kitabu kikubwa cha makosa kutoka kwenye droo.

"Mfanyakazi anayepeleka mabwenini maandishi yasiyo na ruhusa anaachishwa kazi. Ni kanuni ya baba yangu."

"Naijua, Madam."

Akaandika. Jina, tarehe, kazi. Nilikuwa nayaona machungwa ya njia panda. Mama aliinama akasoma maandishi hayo kichwa chini miguu juu.

"Hapo kwenye kosa pamekosewa, Madam."

"Wapi?"

"Umeandika kusambaza madaftari. Anayesambaza ni kapu. Mimi niliandika."

Akaomba kalamu. Akapiga mstari mmoja ulionyooka, kama wa chaki juu ya kitambaa, na juu yake akaandika kwa mwandiko wake wa kweli: Kuandika vitabu tisa. Chini akatia jina lake lote, Oforiwaa Adubea Larbi, bila kufupisha hata moja. Ilichukua muda na hakuharakisha. Kwa mara ya kwanza jina la mama yangu lilikaa pamoja na kazi yake, ndani ya kitabu cha makosa, na mimi niliyekuwa nimekuja kumzuia nilijawa na fahari. Watufukuze tu, nilisema moyoni. Machungwa nitauza, na kila mnunuzi nitamwambia mimi mtoto wa nani.

"Mama, twende," nilimwambia.

Tulikuwa tumefika mlangoni.

"Oforiwaa."

"Naam, Madam."

Madam Bekoe hakuwa anatuangalia. Daftari la kijani lilikuwa limefunguliwa mbele yake, kwenye ukurasa wa mwisho.

"Yule mwalimu mkuu," alisema. "Ile barua. Mwishowe anaijibu?"

"Sijui, Madam. Hilo liko kwenye kitabu cha kumi, na nimefukuzwa kazi."

Kisha Madam akaukamata ule ukurasa wa kitabu cha makosa, wenye jina zima la mama yangu, akauchana taratibu mpaka chini. Akazunguka meza, akavuta kiti cha wageni, akakiweka mbele ya kalamu.

"Kaa chini," alisema. "Kaa hapa uandike."