Nusu Kichwa Siku ya Harusi

Kinyozi huyu watu walimwita Soko Huria, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Kila aliyekalia kiti chake alinyolewa huku akihubiriwa: serikali iondoe mkono wake, kila mtu auze apendavyo, bei zitajipanga zenyewe. Maneno hayo aliyatoa ndani ya chumba cha manispaa, chenye kodi ya chee, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kwenda kumlilia diwani ipunguzwe.

Mpinzani wake alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, fundi cherehani. Huyo alishikilia uchumi mchanganyiko: soko liwepo, lakini serikali ilishike sikio. Serikali aliipenda kwelikweli, ila walipotokea watu wa kodi alifunika cherehani kwa shuka, akajilaza kando yake na kuugua mpaka waondoke.

Walibishana miaka nenda miaka rudi, na ubishi ukazaa udugu: mtoto wa kinyozi akamchumbia binti wa fundi. Asubuhi ya harusi foleni ya kunyoa ilifika barabarani. Fundi alikuwa kitini, upande mmoja wa kichwa unang'aa, wa pili bado kichaka.

"Siku kama ya leo ndipo serikali inapotakiwa kupanga bei," alisema fundi. "La sivyo utatukamua wote humu."

Soko Huria akazima mashine. "Umenikumbusha! Foleni imerefuka, bei imepanda. Upande uliobaki ni mara tatu."

"Acha utani wewe."

"Si mimi, ni soko. Kama hutaki, nenda kwa mwingine. Uhuru ndio huo."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Ulikuwa mzaha mtupu, lakini mzaha ukishachekwa na watu, kuurudisha mdomoni ni kazi. Fundi akanyanyuka na kitambaa shingoni, akavuka barabara hadi kwa kinyozi mwingine. Yule akakitazama kichwa, akatikisa chake.

"Samahani mzee wangu. Kichwa alichokianza mwenzangu mimi sikigusi. Sisi vinyozi tuna miiko yetu."

Fundi akarudi kwake, akajifungia. Punde si punde suruali ya suti ya harusi aliyokuwa akimshonea Soko Huria ikarushwa nje, mguu mmoja umepindwa vizuri, wa pili unaburuta.

"Huo mwingine upindwe na soko!" akafoka toka ndani. "Na harusini siendi! Nitamtoaje mwanangu nikiwa kituko?"

Hapo mzaha ukamwisha Soko Huria. Akagonga mlango, akabembeleza, akaahidi kunyoa bure, hata akataja ruzuku, neno ambalo hakuwahi kulitamka bila kutema mate. Wapi! Fundi alishaapa kwamba mkono ule hautagusa kichwa chake tena.

Habari zikamfikia bibi harusi, naye akaja mbio, nywele zimesukwa nusu. Hakumsalimu mtu. Alichukua mashine ya baba mkwe wake, akagonga kwa fundi.

"Baba, ni mimi. Fungua."

Mlango ukafunguka.

"Kaa."

"Mwanangu, wewe hujui kunyoa."

"Na nyinyi hamjui kunyamaza. Kaa, baba."

Alimnyoa vibaya sana. Aliacha vishungi nyuma ya masikio, akamkwaruza utosini. Soko Huria alisimama mlangoni na suruali yake mkononi, vidole vikimwasha kurekebisha, asithubutu.

Ukumbini fundi alikataa kofia. Kila aliyeuliza nani kamnyoa vile alijibiwa kwa sauti, "Mwanangu," na kila alipojibu machozi yalimtoka. Kinyozi alikaa pembeni yake, mguu mmoja wa suruali kaukunja kwa mkono. Alijikaza weee, mwisho akashindwa.

"Hivi," akamnong'oneza, "alikutoza bei gani?"

Fundi akajipapasa utosi, huku akimtazama binti yake akicheka kando ya mumewe.

"Faida umekula wewe," akasema. "Leo anakuja kukaa kwako."