Picha ya Siku ya Chokaa

Shangazi yangu ametundikwa ukutani katika jumba la sanaa huko Ulaya, na chini ya picha yake pameandikwa: "Mama asiye na makao, visiwa vya Somalia." Nyumba anazo mbili, moja kisiwani Koyama na nyingine mjini Kismayu.

Picha ilipigwa Koyama, mwezi wa Shaabani. Kwetu, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, vyombo vyote hutolewa nje ili kuta zipakwe chokaa. Siku hiyo mtu huvaa leso yake mbovu kuliko zote, maana chokaa haina huruma na nguo. Shangazi alikuwa ameketi juu ya ndoo katikati ya magodoro na masufuria, uso una madoa meupe, mgeni mwenye kamera alipopita.

"Nikamwambia karibu kiti," alinieleza. "Akakataa, akapiga magoti mchangani. Nikadhani amependa kitanda changu cha kuchonga."

Nimeikagua picha. Kitanda hakimo. Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma ya mgongo wa mpiga picha.

Binamu yangu anayeishi katika mji wenye jumba hilo ndiye aliyeigundua, akatutumia video ya ukuta mzima. Tuliitazama Kismayu, sebuleni kwa shangazi, pamoja na mwanawe mkubwa. Kwanza, mchoro wa kale wa rangi: ombaomba mzee, miguu mitupu, na mbwa. Kisha mchoro wa wino, watoto waliolala ngazini. Kisha picha kuukuu ya familia chini ya daraja. Kisha shangazi.

"Huyu mzee aliulizwa?" akasema shangazi. "Huenda kwao nako ilikuwa siku ya chokaa."

"Na mbwa je, mama?" mwanawe akauliza.

"Mbwa ni wa mchoraji. Kamwazima ili mzee azidi kuonewa huruma."

Tulicheka, ila mwanawe aliacha kabla yetu. Alikuwa amepeleka posa kwa binti ambaye mama yake anaishi mji uleule tangu vita. Mama huyo alikwisha kwenda kuiona picha, na wiki hiyohiyo akapiga simu.

"Dada, mwanangu atalala wapi?"

"Atalala ndani!" shangazi akajibu kwa lahaja yetu ya visiwani. "Mimi ni mchu wa kulala nje? Njoo uhesabu milango!"

Nikaliandikia jumba barua, nikaambatanisha picha mpya: shangazi mlangoni pake Koyama, leso mpya, dhahabu masikioni, ukuta mweupe pee. Wakajibu kwa adabu kwamba ni picha nzuri mno, na wangependa kuitundika kando ya ile ya kwanza.

"Watundike," shangazi akasema, "lakini kwanza wafute uongo wao."

Niliwaandikia hivyo, kwa maneno ya upole zaidi. Mama wa binti amesema atajibu posa akishasoma maandishi mapya kwa macho yake. Maonyesho yanafungwa mwisho wa mwezi huu. Jana binamu alipita pale: bado pameandikwa asiye na makao.