Jiko Mbele ya Wageni

Jirani kawasha kuni. Harufu ya moshi imenikuta mlangoni nikitoka kazini, nimechoka, hata koti sijalivua.

Utotoni mwangu, baba alitaka jiko kubwa la kuni la kupasha joto nyumba nzima. Muuzaji akashauri likae sebuleni. Mama akakataa katakata.

"Jiko mbele ya wageni? Waondoke wananuka moshi?"

"Bibi wee, hii London," baba akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushindwa.

Mama akachagua dogo, likawekwa jikoni, mlango ukafungwa moshi usitoke. Joto nalo halikutoka. Sebule ikaganda ikingoja wageni wasiokuja, nasi watano tukahamishia magodoro jikoni, tukalala miguu imepandana.

Kwangu sasa kila chumba kina hita. Nalala peke yangu, na soksi.