Anayefungua Shuka Foleni

Asubuhi, kabla hajagusa chai yake, muuguzi wa wodi ya watoto anapita kwenye foleni nje ya hospitali. Anamwambia kila mama neno lilelile: "Nifunulie kifua cha mtoto, nimwone."

Leo mama mmoja kijana anakataa. Mwanawe yuko mgongoni, amefunikwa shuka hadi masikioni.

"Amekohoa usiku kucha, dada. Ndiyo kwanza ametulia. Ukimwamsha, utambembeleza wewe."

"Nitambembeleza. Ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya."

Shuka linafunguliwa. Mbavu zinabonyea kila mtoto anapovuta pumzi, na midomo imepauka. Hajalala, amechoka kupumua. Muuguzi anambeba na kwenda upesi, lakini hakimbii. Akikimbia, foleni nzima itapiga mayowe.

Ndani, anamkalisha mtoto mapajani mwa mama yake na kumwekea mrija mwembamba wa oksijeni puani. Daktari anakuja, anasikiliza kifua: nimonia. Anaagiza sindano.

"Watu huogopa mtoto anayelia," anasema muuguzi. "Mimi namwogopa aliyenyamaza."

Yeye mwenyewe alikuwa na miaka tisa alipofuatana na mama yake hadi zahanati, mdogo wake akiwa mgongoni mwa mama. Mtoto alilia njia nzima, kisha akanyamaza.

"Wenzetu wa foleni wakasema, afadhali amelala. Mama akawashukuru. Tulipofika mezani, karani akauliza jina la mtoto, mama akalitaja. Ndipo akamfungua."

Ananyoosha shuka la kitanda ambalo halina kunyanzi.

"Mama hakukosea. Alimfunika kwa sababu alimpenda."

Mama wa muuguzi sasa ana wajukuu. Huwapakata kifuani tu. Mgongoni hajabeba mtoto tena.

Muuguzi anataka mlinzi, karani na mfagizi wote wafundishwe kutazama kifua kabla ya kuuliza jina, na benchi liwekwe mlangoni kwa watoto wanaohema. Mlinzi ameshaanza. Sauti yake inasikika dirishani: "Bibi, huyo ni mjukuu au gunia la mkaa? Hebu mfungue kidogo tumwone!" Watu wanacheka. Bibi anafungua.

"Siku wote wakijua," anasema muuguzi, "nitakunywa chai ikiwa ya moto."

Mapajani mwa mama yake, mtoto anajinyonganyonga. Rangi imeanza kurudi midomoni. Ghafla anaangua kilio, kikali, cha hasira. Mama yake anaona haya, anamziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza, baba, nyamaza."

Muuguzi anauondoa mkono ule taratibu.

"Mwache," anasema. "Mwache alie."