Mama Alipopasua Mfupa

Mama alikuja kunitembelea Buffalo kwa basi kutoka Louisville. Njiani alilala Columbus kwa mama mdogo, ambaye alimpa mifupa ya ng'ombe. Kesho yake mama akaichemsha jikoni kwangu, akachukua mmoja, akaugonga kwa nyundo mpaka ukapasuka, akanipa uboho kwa kijiko.

Nusura niangushe kijiko kwa furaha. Wiki hiyohiyo, chuoni Amherst, nje kidogo ya Buffalo, mwalimu alitueleza kwamba watu wa kale walipasua mifupa kwa mawe wapate uboho, na kwamba wataalamu wengine wanaona huenda mafuta hayo yalisaidia ubongo wa binadamu kukua, kwa kuwa ubongo hula nguvu nyingi. Akatuachia swali: wazo la kuvunja mfupa lilitoka wapi?

"Mama, unafanya kama wao!" nilipiga kelele, nikamweleza yote pamoja na lile swali.

"Bon, hiyo si nguvu kujibu, ni rahisi," akasema kwa Kiswahili chake chenye maneno ya Kifaransa. "Simba akiisha kula nyama, nini inabakia? Mifupa. Na watoto wanalia njaa. Donc, mama anatafuta jiwe."

Mama hakumaliza hata darasa la tatu. Jumatatu niliinua mkono darasani, nikayasema maneno yake na kutaja kwamba ni ya mama yangu. Mwalimu akayaandika ubaoni.

Nilitoka mbio kumpigia mama simu.

"Aliandika kweli?" akauliza, akicheka. "Kwa Kiingereza ao kwa Kiswahili?"