Mlango wa Gari la Kijani na Zambarau

Fundi rangi wa jirani hujaribu kila mchanganyiko kwenye kijiko. Kwanza hupiga nyeusi ya chini, hungoja ikauke ndipo apige ile rangi inayogeuka ukiitazama kutoka upande mwingine, kisha hukipeleka kijiko mlangoni penye jua na kukizungusha kwa vidole viwili mpaka kijani iwe zambarau. Ukutani pake vimening'inia vijiko hamsini na kitu. Mkewe husema nyumbani wanakoroga chai kwa uma. Mimi nashona viti vya magari hapo mkabala, na tangu mwaka uanze namwona akikisogeza kijiko hadi karibu kugusa pua. "Mama, imegeuka?" humwuliza mkewe, kama anayemtania. "Imegeuka, baba."

Leo asubuhi aliniita nitazame mlango wa gari la mteja. Akanishika bega.

"Simama hapa, jirani. Kijani, si ndiyo? Haya, sogea kushoto. Unaona zambarau inavyoingia?"

Mlango ulikuwa mweusi tii. Alikuwa amepiga nyeusi mara mbili, na kopo la rangi inayogeuka lilikuwa bado mezani, halijafunguliwa. Mkewe alinitazama, akatikisa kichwa kidogo tu.

"Naiona," nikasema.

"Umemsikia, mama? Nawe ulikuwa na wasiwasi."

"Nimemsikia."

Akaosha bomba lake la kupulizia, akalifuta taratibu, akalitundika kwenye msumari wake. Halafu akatoa simu, akaisogeza karibu na jicho, akampigia mwenye gari aje kulichukua.